Habari za Ugonjwa wa Malale Katika Nchi Yetu

Magonjwa yaliyopita katika Kongo ni mengi, lakini mmoja umeacha kumbukumbu mbaya kuliko mengine: ndio malale, ugonjwa wa usingizi. Vijana wengi wa leo hawajamwona mgonjwa wa malale hata mmoja, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Walakini ugonjwa huu haukupungua wenyewe. Umepunguzwa kwa kazi ya miaka zaidi ya mia, na katika kazi hiyo yalikuwamo mambo ya kusifiwa na mambo ya kusikitisha. Yatupasa kuyajua yote mawili. Maana asiyejua mambo ya kale hawezi kuelewa kwa nini hata siku hizi kuna watu wanaojificha wakisikia kwamba waganga wa malale wamefika kijijini.

UGONJWA WENYEWE

Malale huletwa na kijidudu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho matupu. Jina lake ni tripanosoma. Mbung'o akimwuma mgonjwa, anakinywa pamoja na damu. Baada ya siku kadhaa akimwuma mtu mwingine, anamtia kijidudu hicho mwilini.

Kwanza mtu anapata homa inayokuja na kuondoka. Kichwa kinamwuma, na tezi za shingo zinavimba. Anaweza kukaa hivyo miezi mingi, hata miaka, akidhani ni homa ya kawaida. Halafu kijidudu kinaingia katika ubongo. Ndipo mgonjwa anasinzia mchana na kukesha usiku. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali, aliyekuwa na bidii anakuwa mlegevu, na maneno yake hayaeleweki tena. Jamaa zake wanasema: amerogwa. Asipopata dawa anakonda, anazama katika usingizi, na mwisho anakufa.

WAGANGA WA KWANZA

Katika sehemu nyingine za Afrika wazee waliujua ugonjwa huu tangu zamani. Lakini kuelekea mwisho wa karne ya 19 ulianza kuenea upesi kuliko kwanza. Sababu yake ni nini? Watu walianza kutembezwa mbali: wapagazi, wapiga makasia, askari wa Bula Matari, na wale waliolazimishwa kwenda msituni kutafuta mpira. Waliacha mashamba yao, wakala vibaya, wakapita kando ya mito yenye mbung'o wengi. Na mwili wenye njaa hauna nguvu ya kupigana na ugonjwa. Hivyo malale ikafuata njia za mito na za misafara, ikafika hata ufuko wa Ziwa Tanganyika. Katika Uganda, kandokando ya Ziwa Viktoria, watu zaidi ya 200,000 walikufa kabla ya mwaka 1920.

Wakati ule asili ya ugonjwa haikujulikana bado. Mwaka 1902 mganga kijana Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alikitambua kijidudu katika damu ya mgonjwa katika nchi ya Gambia. Huko Entebbe, Aldo Castellani, Mwitalia, alikiona katika maji ya uti wa mgongo ya watu wenye malale. Na mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba anayekipeleka kutoka kwa mtu hata kwa mtu ni mbung'o.

Mwaka ule ule wa 1903, Mfalme Leopold II aliwaita waganga wa shule ya Liverpool waje kuchungua ugonjwa katika Kongo. Dutton akaja pamoja na mwenzake John Todd na mwingine, Cuthbert Christy. Walifuata mto hata Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, wakaendelea hata Maniema. Waliwapapasa watu shingo, wakawatoa damu, wakaandika yote waliyoyaona. Safarini walichungua pia homa ya kupe. Homa hiyo ikamshika Dutton mwenyewe, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Alikuwa na miaka 30 tu.

LAZARETI

Mwaka huo wa 1905 waganga wa Liverpool walitambua kwamba dawa moja, iitwayo atoksili, inaweza kumwua tripanosoma. Ilikuwa dawa yenye arseniki, yaani sumu. Iliwasaidia wengine ambao ugonjwa ulikuwa bado mwanzoni. Lakini kama ugonjwa umekwisha kufika ubongoni, haikumponya mtu. Tena wengine waliodungwa sindano zake walipofuka macho.

Kuanzia mwaka 1906 serikali iliamuru wagonjwa watengwe mbali na watu wazima wa afya, ili mbung'o asipate kuwaambukiza wengine. Wakajenga lazareti. Shauri lenyewe lilikuwa na maana yake. Lakini tuwaze jinsi watu wa vijijini walivyoliona. Askari wanafika. Mtu anapapaswa shingo, anaonekana ana tezi, anachukuliwa. Mkewe hajui anakopelekwa. Habari zinazorudi ni kwamba fulani amepofuka, fulani amerukwa na akili, fulani amezikwa. Wachache sana wanarudi nyumbani wazima.

Basi watu walifanya nini? Waliwaficha wagonjwa wao msituni. Waliosikia askari wanakuja walihama na vitu vyao. Wengi walisema kwamba wazungu ndio wanaoleta ugonjwa pamoja na sindano zao. Tusiwacheke wazee wetu. Waliona kwa macho yao kwamba anayechukuliwa harudi, nao wakawalinda watu wao jinsi walivyoweza.

Na tusiwasahau waliokaa pamoja na wagonjwa. Katika lazareti nyingine Masista waliwaosha, waliwalisha, wakawatunza hata saa ya kufa. Hawakuwa na dawa ya kuponya, lakini mgonjwa hakufa peke yake kama mtu aliyetupwa.

SINDANO NA PASI

Mwaka 1919 wataalamu wa New York walitengeneza dawa mpya, triparsamidi. Mwaka 1920 mganga mwanamke, Louise Pearce, aliileta Léopoldville, akawatibu wagonjwa 77. Hata wengine ambao ugonjwa ulikuwa umefika ubongoni walipata nafuu. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini dawa hii nayo ilikuwa na arseniki, na ilitaka uangalifu. Huko Bafia, katika Kameruni, mganga mmoja alizidisha kipimo, na watu kama 700 wakapofuka. Habari za namna hii zinatembea mbali, na hazisahauliki upesi.

Wakati huo pia kazi ilibadilika. Badala ya kungoja katika lazareti, waganga walianza kuwafuata watu kijiji kwa kijiji. Mganga mmoja alitembea na wauguzi Wakongo, wakiwa na hadubini, sindano na vitabu vya majina. Watu walipangwa mstari, wakahesabiwa, wakapapaswa shingo, wakatolewa damu. Wengine walichomwa mgongoni kwa sindano ndefu ili kuona kama ugonjwa umefika ubongoni. Mwaka 1930 likaanzishwa shirika la Foreami, lililofanya kazi hii katika Kongo ya Chini. Mtu aliyetaka kusafiri ilimpasa kuonyesha pasi ya afya.

Kazi hii ilizaa matunda. Mwaka 1930 wagonjwa wapya walioandikwa katika Kongo walikuwa zaidi ya 30,000. Karibu na mwaka wa uhuru walikuwa wamepungua hata kama 1,000 tu kwa mwaka. Sifa kubwa ni ya wale wauguzi Wakongo waliotembea kwa miguu katika mvua na matope, ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu.

Walakini kasoro moja ilibaki. Watu waliamriwa, hawakuelezwa. Walikuja barazani kwa kuogopa faini na gereza. Ugonjwa ulipungua, lakini woga haukupungua.

UGONJWA UNARUDI

Baada ya mwaka 1960 yalikuja machafuko. Magari yaliharibika, dawa zilikosekana, na vikundi vya waganga havikufika tena kila mahali. Mwaka 1990 Ubelgiji ulikata msaada wake kwa serikali, nayo kazi ya kutafuta wagonjwa ikakaribia kusimama. Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1998 waliandikwa wagonjwa wapya zaidi ya 26,000 katika nchi yetu, karibu kama zamani za Foreami. Kazi ya miaka thelathini iliharibika kwa sababu watu walidhani adui amekwisha kufa, kumbe alikuwa amejificha tu.

Dawa iliyotumika zaidi kwa wagonjwa wa ubongo ilikuwa melarsoproli, iliyojulikana tangu 1949. Nayo ilikuwa na arseniki. Wagonjwa walisema inachoma katika mishipa kama moto. Katika watu 100 waliodungwa, kama 5 walikufa kwa dawa yenyewe. Fikirini uchungu wa mama anayempeleka mwanawe kwa miguu yake hospitali, na kesho anaambiwa kwamba dawa imemwua!

Kwa kuwa dawa ilikuwa kali, waganga waliweka miiko: mgonjwa asifanye kazi ngumu, asikae juani, asile chakula cha moto, asilale na mwenzi wake muda wa miezi sita. Uchunguzi uliofanywa huko Kasai na kutangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wengi waliukimbia upimaji kwa ajili ya mambo haya: sindano ya mgongoni, dawa inayoua, fedha, aibu ya kujulikana mbele ya wote, na miiko hiyo. Je, mkulima ataachaje shamba miezi sita? Watoto watakula nini? Na mwanamke kijana atamwambia nini mumewe?

DAWA MPYA

Sasa tufike kwenye habari njema. Mwaka 2009 Shirika la Afya la Ulimwengu lilikubali matibabu mapya yasiyo na arseniki: maji ya dawa yanayotiwa katika mshipa siku 7, pamoja na vidonge siku 10. Watu wakaacha kufa kwa dawa kama zamani. Lakini vifaa vyake ni vizito, tena yanahitaji hospitali na wauguzi wenye ujuzi.

Ndipo ikatafutwa dawa ya kumeza tu. Waligundua dawa iliyokuwa imeachwa miaka mingi bila kutumiwa, iitwayo feksinidazoli. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 394 katika Kongo yetu na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mkuu wa kazi hiyo alikuwa mganga Mkongo, Daktari Victor Kande. Katika wagonjwa 100 waliotibiwa kwa vidonge hivi, 91 walikuwa wazima baada ya miezi 18. Wale wa matibabu ya mshipani walikuwa 98. Kwa hiyo wagonjwa waliozidiwa sana bado wanafaa matibabu ya mshipani, lakini wengine wengi wanaweza kupona kwa vidonge. Mwaka 2018 dawa ilikubaliwa.

Angalieni jambo moja. Vidonge hivi, vya siku 10, havimezwi na njaa. Mtu asipokula kwanza, mwili hauipokei dawa vizuri. Kumbe bukari na maharagwe ya jirani ni sehemu ya matibabu! Anayemletea mgonjwa chakula kila siku anasaidia kumponya, sawa na mwuguzi.

Tena wengi hawahitaji kuchomwa mgongoni kama zamani. Upimaji wa kwanza hufanywa kwa tone la damu la kidole. Na mwaka 2022 yalitangazwa majaribio ya dawa nyingine, akoziboroli, ambayo mtu anaimeza mara moja tu, vidonge vitatu kwa siku moja, basi. Katika watu 208 wa Kongo na Guinea walioimeza, karibu wote walipona.

Mwaka 2018, katika Afrika nzima, wagonjwa walioandikwa hawakufika 1,000. Hapajapata kuwa namna hiyo tangu kazi hii ya kuwahesabu ianze. Lakini wengi wao walikuwa wa nchi yetu.

KAZI ILIYOBAKI

Wasomaji wapenzi, dawa kali imeondoka, lakini woga wake umebaki. Mzee aliyemwona ndugu yake akifa kwa sindano anawaonya wajukuu, nao wanajificha wasipimwe, ingawa siku hizi sindano ile haitumiki tena. Na mtu mmoja aliyejificha na ugonjwa wake anaweza kuuwasha moto upya katika kijiji kizima, kama ilivyotokea baada ya mwaka 1990.

Woga huu hauondolewi kwa askari, tumekwisha kuona. Wala hauondolewi kwa kuwaita watu wajinga. Unaondolewa kwa maneno ya kweli yanayosemwa na mtu anayeaminiwa. Basi wauguzi waeleze kabla ya kupima, na watunze siri ya mgonjwa. Wakatekista na wazee wa jumuiya wawe wa kwanza kunyosha kidole kitolewe damu, ili wengine waone. Mtu akianza kusinzia ovyo na kubadilika tabia, tusikimbilie kumtafuta mchawi. Tumpeleke kwanza apimwe. Na mgonjwa akipewa vidonge, asikose chakula kwa siku zake kumi.

Yezu hakuogopa kumgusa mwenye ukoma, ambaye watu wote walimkimbia. Yule aliyefichwa ndani ya nyumba kwa aibu ya malale naye anangoja mtu wa kumshika mkono na kumwambia: twende pamoja.