Setilaiti Uhuru na Mizingo ya Nyota Jozi: Nafasi ya Ghuba ya Ungwana katika Historia ya Falaki, 1970–1973

Mwaka 1803 William Herschel alionyesha, baada ya uchunguzi wa miaka mingi, kwamba baadhi ya nyota jozi huzungukana. Katika jozi hizo hakuna nyota iliyotulia: zote mbili huzunguka kitovu cha uzito wao wa pamoja, na iliyo nzito zaidi hufanya mzingo mdogo. Uwanja mpya wa elimu hiyo ulifunguliwa kutoka pwani ya Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya falaki ya eksirei, ilirushwa na timu ya Italia kutoka jukwaa la San Marco, baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilipewa jina la Uhuru.

Jina hilo laweza kusomwa kama takrima kwa mwenyeji, na ghuba ikaonekana kiwanja cha kuazima tu. Hoja ya makala hii ni kwamba mahali penyewe palichangia ubora wa vipimo. Karibu na ikweta, dunia huisukuma roketi kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Aidha, mzingo wa Uhuru uliinama nyuzi 3 tu. Hivyo setilaiti iliepuka kwa sehemu kubwa ukanda wa mnururisho unaoshuka juu ya Atlantiki ya Kusini na kuvuruga vipimo. Roketi iliyoelekezwa mashariki kutoka Makandana, Tukuyu, nyuzi 9 kusini mwa ikweta, ingeacha setilaiti katika mzingo ulioinama kwa kiasi hichohicho, na mabaki yake yangeangukia nchi kavu yenye watu.

Matokeo yalidhihirika mapema. Mwaka 1971 Riccardo Giacconi na wenzake walibaini kwamba chanzo Cen X-3 kilitoa mapigo kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Mapigo hayo yalikaribiana na kuachana kwa utaratibu uliojirudia kila siku 2.1: yalikaribiana chanzo kilipoijongea dunia, yakaachana kilipoondoka. Katika kila mzunguko, chanzo kilitoweka kwa takriban nusu siku, kikifichwa na nyota mwenzake. Cyg X-1 nayo ilihusishwa na nyota inayozunguka, kila siku 5.6, mwenzi asiyeonekana, ambaye baadaye alikubalika kuwa shimo jeusi.

Katalogi ya nne ya Uhuru, ya mwaka 1978, iliorodhesha vyanzo 339, na wanafalaki wangali wanavitaja kwa alama 4U. Uchambuzi wa data, hata hivyo, ulifanyika Marekani. Kwa hiyo mchango wa mahali na mchango wa watu wa mahali hapo vinapaswa kupimwa kila kimoja peke yake. Ule wa kwanza unathibitishwa na mzingo wenyewe. Jina la setilaiti, peke yake, haliwezi kuuthibitisha ule wa pili.