Ujumbe wa simu wa kuacha sigara

Ujumbe wa simu wa kuacha sigara ni huduma ya afya inayomtumia mvutaji ujumbe mfupi wa kumwandaa kwa siku ya kuacha, kisha kumtia moyo majuma ya mwanzo, pale hamu ya nikotini inapokuwa kali. Jaribio la txt2stop la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha watu 5,800, lilituma jumbe 5 kwa siku kwa majuma 5, kisha 3 kwa juma. Aliyebanwa na hamu alituma neno moja tu akajibiwa papo hapo. Baada ya miezi 6, vipimo vilithibitisha kuwa asilimia 10.7 ya waliopokea jumbe hizo wameacha, ilhali kwa waliopokea jumbe zisizohusu kuacha sigara ni asilimia 4.9. Tofauti hiyo ni uhai wa watu.

Vijijini huduma hii inahitajika hasa, kwani mshauri yuko mbali na kitochi kisicho na intaneti kinatosha. Nchini India, iliyoanzisha huduma ya taifa katikati ya miaka ya 2010, mtu alijiunga kwa kubipu tu. Asiyejua kusoma bado huachwa nje, isipokuwa atumiwe ujumbe wa sauti kwa lugha yake.