Kufuli la Kanda ya Tano

DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, wenye filamu walikuwa wameshaigawa dunia vipande sita. Marekani na Kanada zikawa kanda ya kwanza. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini zikawa ya pili. Sisi Wakenya tulitupwa kanda ya tano, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India, Urusi, Mongolia na Korea Kaskazini. Ukiniuliza Embakasi na Ulan Bator zinakutania wapi kwa mambo ya muvi, sina jibu, na sidhani aliyechora ile ramani alikuwa nalo.

Nia yenyewe haikuwa siri. Siku hizo filamu ilianza kwenye majumba ya sinema ya Marekani, kisha ikasafiri polepole, nchi baada ya nchi, na miezi kadhaa baadaye ndiyo diski ikatoka. Studio hazikutaka diski ya New York ifike mji ambao watu bado wanapiga foleni ya tiketi. Tena zilitaka kuuza kwa bei tofauti sehemu tofauti. Basi diski ikaandikwa namba ya kanda, na deki ikapewa yake. Zisipolingana, deki inakataa. Filamu imo, leza inaisoma vizuri tu, lakini mashine imeagizwa isikuonyeshe. Na hii haikuwa sheria iliyopitishwa na bunge la Kenya. Ilikuwa mkataba wa kibiashara: filamu zilifungwa kwa msimbo wa siri, na kampuni iliyotaka ufunguo wa msimbo huo ili itengeneze deki ilibidi ikubali na kufuli la kanda.

Mtaa wetu ulipata jina lake kutoka kwa bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi 1978. Bomba lilitangulia, ghorofa zikafuata. Nilipohamia Pipeline na mama, ploti za ghorofa saba, nane, zilikuwa zinapanda kila upande, zimebanana hadi jua linafika chini saa sita mchana peke yake. Nyumba ni chumba kimoja: pazia katikati, kitanda huku, kochi kule, na mbele ya kochi, tivi. Kwenda sinema tauni ni nauli, tiketi, halafu hesabu ya kurudi usiku. Kwa wengi wetu sinema ilikuwa deki.

Kabla ya DVD tulikuwa na kanda za video, zile za kurudisha nyuma kabla hujairejesha kwa mwenyewe, na baadaye VCD. Ile VCD ilikuwa kitu cha amani. Haikuwa na kufuli la kanda hata kidogo. Filamu moja ilikaa kwenye diski mbili, kwa hivyo katikati ya risasi mtu anainuka kubadilisha, lakini ya Lagos, ya Hong Kong, ya Mumbai, zote zilicheza. Wale watengenezaji filamu wa River Road, ambao magazeti yaliwaita Riverwood, waliuza vichekesho vyao hivyo hivyo, kwa diski za bei ya chini zilizolenga mfuko wa mtu wa kawaida.

DVD ilipotufikia, kufuli likaja nayo, na hapo ndipo mambo yalipogeuka kichekesho. Diski tulizonunua kwa shilingi 50 kwenye duka la muvi chini ya ploti hazikuwa na namba yoyote. Aliyenakili alikuwa ameshaivunja. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, pamoja na wenzake wasiojulikana, walitoa programu ndogo iliyofungua ule msimbo wa siri, na tangu hapo mwizi hakuwa na haja ya kuuliza kanda. Kufuli halikumgusa. Lilimgusa mwenye diski halali iliyonunuliwa dukani nje ya nchi, na risiti juu. Hata wakubwa halikuwaacha. Machi 2009 Rais Obama alimpa Waziri Mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, zawadi ya filamu 25 za Kimarekani kwenye DVD, na magazeti ya huko yakaripoti kwamba zilikuwa za kanda ya kwanza, yaani deki ya Kiingereza haizichezi. Mtoto wa mtu wa Kogelo amefika White House, na zawadi yake bado inakwama kwa kufuli lilelile lililotukwamisha sisi.

Kwetu lilitukwama 2010. Mjomba wangu, ndugu wa pekee wa mama, alifariki Minnesota na akazikwa huko huko, maana mchango wa kusafirisha mwili haukutosha. Mama hakuwa na viza. Baada ya miezi miwili mtu wa kanisa la mjomba alikuja Nairobi na bahasha: diski ya mazishi, na filamu tatu alizozipenda marehemu, orijino, na maganda yake.

Deki yetu ilikuwa ya jina kubwa, tumeinunua kwa jirani aliyekuwa amemaliza kandarasi Dubai. Kumbuka Dubai ni kanda ya pili. Zile filamu tatu zilikataa papo hapo. Tivi ikaandika kwamba kanda si sahihi. Diski ya mazishi haikuwa na kufuli, kwa sababu kamera ya kanisa haijui habari za kanda, lakini ilikuwa na shida nyingine. Marekani walikuwa wakirekodi picha kwa mfumo wa NTSC, na tivi za Kenya zilikuwa za PAL. Deki iliisoma ikaituma vilevile, na tivi yetu kuukuu ikaonyesha picha isiyo na rangi, inayopanda juu bila kusimama. Mama alisikia nyimbo zote, akasikia mahubiri, akasikia mchanga. Sura ya ndugu yake hakuiona.

Jumamosi tukaenda Luthuli. Barabara hiyo ilipewa jina la Albert Luthuli, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani, ila mtu wa Eastlands akisema "naenda Luthuli" anamaanisha spika, redio na deki. Mama alibeba diski nne kwenye mkoba: ya mazishi, moja ya mjomba, VCD ya Kinaijeria, na feki moja iliyokwaruzwa vibaya, ya zile zenye filamu ishirini kwa diski moja. Sijaona tena mnunuzi aliyejipanga hivyo.

"Mathe, hii inakula kila kitu," kijana wa duka akasema.

"Mwanangu, sitaki hadithi. Washa tuone."

Deki mbili za kwanza zilifeli. Moja ilicheza feki na VCD lakini ikaikataa ya mjomba. Nyingine iliikubali, ila picha ya mazishi ikabaki inapanda. Ya tatu ilikuwa nyepesi kama sahani ya plastiki, ya Kichina, na jina ambalo lingekuwa la kampuni kubwa kama herufi moja isingekosewa. Kijana akabonyeza namba fulani kwenye rimoti trei ikiwa wazi, menyu ikatokea ambayo haimo kwenye kitabu cha maelezo, akachagua kanda, akachagua PAL. Mazishi yakatulia. Yakawa na rangi. Mama alimwambia azime, tutaangalia nyumbani. Shilingi 2,200.

Kwa nini kidude hicho kilishinda mashine ya bei mara tatu? Mapema miaka ya 2000 China ilikuwa imekuwa kiwanda kikubwa cha deki duniani. Viwanda vingi havikuunda chipu zao; vilinunua zilizo tayari, kutoka kampuni kama MediaTek ya Taiwan, na chipu ileile ingeweza kutumika kwenye deki ya soko lolote. Kanda ilikuwa mpangilio tu ndani ya programu. Kiwanda kiliuweka, kisha kikauacha mlango wa nyuma wazi, makusudi au kwa uvivu. Kisa maarufu ni cha mwaka 2000: deki ya Apex AD-600A, iliyotoka China na kuuzwa rahisi Marekani, ilikutwa na menyu iliyofichwa ya kuzima kufuli la kanda na hata kinga ya kunakili. Kampuni kubwa zilikuwa na studio za kuogopa. Hizi ndogo ziliogopa tu kushindwa bei.

Studio hazikulala. Kuanzia mwaka huohuo baadhi ya diski za Marekani, The Patriot ikiwemo, ziliongezewa swali: zinaiuliza deki, wewe ni wa kanda gani? Deki inayojibu "zote" inafungiwa. Ndiyo maana fundi mzoefu alikwambia usidanganyike na kibandiko cha "kanda zote" kwenye boksi. Tafuta ile unayoweza kuibadilisha mwenyewe, moja, mbili, tano. Ushauri huo bado unafaa ukinunua deki ya mtumba leo. Beba diski yako ngumu kuliko zote, na uangalie deki inatoa PAL na NTSC.

Urahisi ulikuwa na gharama yake, sitaki kudanganya. Stima ya ploti ikipotea na kurudi kwa kishindo, hizi deki ndizo zilizotangulia kufa. Lenzi ilichoka mapema. Na ule uhuru wa diski ya shilingi 50 uliwala watu wetu pia: Riverwood hawakuwa na kufuli lolote la kuwalinda, na filamu yao ilinakiliwa kabla hawajarudisha pesa ya kamera. Sheria ya Hakimiliki ilikuwepo tangu 2001, polisi walivamia maduka mara kwa mara, na wiki iliyofuata diski zilikuwa zimerudi kwenye meza.

Nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa 2009, na polepole diski zikaipisha flashi. Deki yetu ilipumua mara ya mwisho kwa nguvu Februari 2015, matangazo ya analogi yalipozimwa na stesheni kubwa zikakaa nje ya hewa karibu wiki tatu. Ploti nzima ilirudi kwa diski. Baadaye mama alipeleka ile ya mazishi kwenye duka la muvi ihamishiwe flashi.

Januari 2016 Netflix ikaingia Kenya, pamoja na nchi nyingine 130 hivi kwa mpigo. Orodha ya filamu inategemea uko nchi gani. Kwa Blu-ray tulikuwa tumeshahamishwa kanda tena: sasa tuko na Ulaya na Australia, tumeachana na India na Mongolia bila kwaheri. Vijana wa ploti wamejifunza VPN jinsi wakubwa wao walivyojifunza namba za rimoti. Duka la muvi la chini bado lipo, limeongeza M-Pesa na makava ya simu, na ukimwuliza mwenyewe kama filamu fulani inapatikana Kenya, anakuuliza una flashi ya jibii ngapi.