Muhuri wa Chama Kilichokufa

Mwishoni mwa 2024 nilianza kuweka akiba ya ada ya mtihani. Kazi yangu ni kuandika miongozo: bonyeza hapa, subiri taa iwe ya kijani, usizime mtambo. Nyumbani bado wanauliza nafanya kazi gani hasa, na niliamini cheti kingenijibia. Januari 2025, chama cha Marekani kilichokuwa kikitoa cheti hicho, Society for Technical Communication, kikatangaza kufilisika na kufunga milango.

Nilikasirika. Kisha nikaanza kusoma historia yake.

Mwaka 1949 Joseph Chapline aliandika mwongozo wa kompyuta ya BINAC, na wengi humtaja kuwa mwandishi wa kwanza wa miongozo ya kompyuta. Hakuna aliyemdai cheti, kwa kuwa hata mtihani wa kumpa haukuwepo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeacha mitambo mingi iliyohitaji kuelezwa, na 1953 waandishi wa kazi hii wakaanza kuunda vyama Marekani. Baadaye vyama hivyo viliungana, na 1971 jina likawa hilo nililolijua.

Suala la cheti liliwasumbua kwa miongo kadhaa. Waliokitaka walisema mhasibu anacho na mhandisi anacho, ilhali wao wanaonekana makarani wa kunyoosha sentensi za wengine. Waliokipinga waliuliza nani atampima nani. Anayeeleza injini ya ndege na anayeeleza programu ya benki watapimwaje kwa mizani moja?

Cheti kilikuja 2011. Mwombaji alituma kazi alizoandika, wakaguzi wakazipima. Mwaka 2016 kilirudi kwa sura nyingine: mtihani uliogusa nyanja tisa, kuanzia kumjua msomaji hadi kuhariri. Mfumo wa kwanza uliuliza, "Umeandika nini?" Wa pili ukauliza, "Unajua nini?" Mtihani ni rahisi kuusimamia, lakini swali la kwanza ndilo ambalo fundi yeyote huulizwa mtaani kabla ya kupewa kazi.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwa kazi yetu sina hakika. Mwongozo ukiwa mzuri, msomaji anawasha mashine yake na kuusahau. Anayekumbukwa ni aliyeandika vibaya. Ndiyo maana siwacheki waliohangaika miaka yote ile kutafuta muhuri. Walitaka kuonekana, kama mimi.

Chama kimekufa, na waliofaulu bado wanajua walichojua. Akiba yangu niliigeuza nauli. Nilikwenda kuwatazama watu watatu wakifuata mwongozo wangu wa pampu ya maji. Nilikaa kimya pembeni, bila kumsaidia yeyote. Wawili walikwama hatua ya nne.

Usiku huo niliiandika upya.