Namba Iliyotangulia Sauti

Katika vituo vingi vya dharura duniani namba ya mpigaji simu hufika kabla ya sauti yake. Elimu hiyo haikuanza kwa nia ya kuokoa maisha, bali kwa haja ya kudai malipo.

Zamani nchini Marekani, mteja aliyetaka kuzungumza na mtu wa mji wa mbali alimwomba opereta amuunganishie. Opereta ndiye aliyeandika namba ya mdaiwa na muda wa mazungumzo. Tarehe 10 Novemba 1951, wateja wa Englewood, New Jersey, walianza kupiga simu za mbali wenyewe. Nani sasa angeandika deni? Mtambo wenyewe: uliitambua laini ambayo simu ilitokea, ukaihifadhi namba yake kwa ajili ya ankara.

Tarehe 16 Februari 1968, simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Haleyville, Alabama. Hata hivyo, mpokeaji alitegemea maneno ya mpigaji tu. Je, mgonjwa akizimia kabla ya kutaja mtaa wake? Katika miaka ya 1970 wahandisi waliiunganisha namba iliyotambuliwa na mtambo na orodha ya anwani za wateja. Simu ilipoingia, kompyuta iliitafuta namba katika orodha hiyo, na anwani ikajitokeza mbele ya mpokeaji. Mpigaji aliponyamaza, nyumba yake ilisema.

Kisha ikaja simu ya mkononi, ikaitenga namba na nyumba. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliziamuru kampuni za simu hizo kuwezesha vituo vya 911 kujua mahali alipo mpigaji. Lakini mnara mmoja hutaja eneo tu, ambalo mashambani laweza kuwa la kilomita kadhaa. Setilaiti hukaribia zaidi, ila mawimbi yake hudhoofika ndani ya majengo. Nao usajili wa laini hutaja jina la mwenye namba. Hautaji alipo usiku wa moto.

Kwa hiyo, raia mwema hauachii mtambo kazi yote. Ukipiga simu ya dharura, sentensi yako ya kwanza iwe ya mahali: “Niko nyuma ya soko kuu, mkabala na msikiti.” Jina na maelezo yafuate. Simu ikikatika baada ya sentensi hiyo, waokoaji watajua pa kuelekea.