Uenguaji Wino

Gazeti lililosomwa haliwezi kurudi kuwa karatasi nyeupe mpaka wino wake utengwe na nyuzi za karatasi. Kazi hiyo kwa Kiingereza huitwa deinking. Wazo lake ni la zamani: mwaka 1774 mwanasheria Justus Claproth wa Göttingen, Ujerumani, alichapisha kijitabu kuhusu namna ya kuiosha karatasi iliyochapwa na kutengeneza nyingine mpya.

Tunaweza kusema “kufuta wino”, lakini kinachofutwa hutoweka, na wino huu hautoweki. Tazama unavyofanya kazi mtambo wa kurejeleza. Karatasi chakavu huvurugwa ndani ya maji yenye sabuni na kostiki soda hadi ziwe rojo. Nyuzi huvimba, wino hubanduka. Kisha hewa hupulizwa kutoka chini. Chembe za wino wa mafuta, kwa kuwa hazishikamani na maji, hung'ang'ania viputo vya hewa, hupanda navyo na kufanya povu jeusi juu ya rojo. Povu hilo huondolewa, kama mpishi anavyoondoa povu la nyama inayochemka. Kitenzi cha mpishi huyo tunacho: kuengua. Siku hizi tunakisikia zaidi majina ya wagombea yanapokatwa, ilhali maana yake ya jikoni ndiyo hasa inayofanyika kiwandani. Ndiyo maana napendekeza uenguaji wino.

Istilahi hii inasema kweli nyingine pia: kilichoenguliwa lazima kiwekwe mahali. Povu likikamuliwa huacha tope la wino, chaki, udongo wa kaolini na nyuzi fupi, na kiwanda kina wajibu wa kulishughulikia badala ya kulimwaga mtoni.

Faida kubwa zaidi imo katika mnyambuliko. Kutoka kuengua tunapata kuengulika, na hapo ndipo mchapaji anapoingia, kwa sababu si kila wino huengulika. Viputo hunasa vizuri chembe zenye upana wa takriban mikromita 10 hadi 100. Wino unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno mara nyingi hubanduka kwa vipande vikubwa vinavyobaki kama madoa. Wino wa maji wa aina ya uchapaji iitwayo fleksografia husambaratika kuwa chembe ndogo mno, tena zinazoshikamana na maji, hivyo rojo lote hufifia na kuwa la kijivu. Wino huu husifiwa kwa haki kuwa haujazi chumba cha mashine mvuke wa viyeyusho. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini inaishia mlangoni mwa kiwanda cha uchapaji. Wino wa mafuta ya soya, ambao gazeti la The Gazette la Cedar Rapids, Marekani, lilianza kuutumia mwaka 1987, huenguliwa kwa urahisi kuliko huo wa maji.

Huko Ulaya, INGEDE, chama cha viwanda vya karatasi, kina vipimo vya maabara vinavyoonyesha kama chapisho linaengulika au la. Uamuzi wenyewe, hata hivyo, hufanywa mapema zaidi, siku wino unaponunuliwa. Kwa hiyo, mchapaji, kabla hujaweka alama ya urejelezaji kwenye jalada, muulize anayekuuzia wino: huu unaengulika?