Safari ya mbali haianzii kiwanja cha ndege: historia ya nauli kutoka Kasongo na Kabambare

WAMAZA. Katika familia nyingi za kusini mwa Maniema kuna mtu mmoja aliye mbali: ndugu aliyefika Marekani kupitia kambi ya Nyarugusu, mtoto anayesoma Kampala, mjomba anayeishi Bruxelles. Siku simu inapoleta habari ya msiba, ya arusi, au ya karatasi za kuunganisha familia ambazo zimekubaliwa, swali la kwanza ni lile lile: tikiti ni bei gani? Na karibu kila mara jibu limepanda kuliko safari iliyopita.

Watu wanalaumu kampuni za ndege, na wana haki ya kulalamika. Lakini historia ya sehemu hii inaonyesha jambo lingine. Tangu wakati wa misafara ya pembe mpaka leo, kinachomaliza makuta ya msafiri wa Maniema si ile safari ndefu peke yake. Ni kipande cha kwanza: kutoka nyumbani mpaka mahali ambapo wasafiri ni wengi na wachukuzi wanashindana. Anayefahamu hilo hutafuta tikiti kwa njia nyingine.

Wakati wa wapagazi na hongo

Katika karne ya 19, Kasongo na Nyangwe zilikuwa miji mikubwa ya biashara karibu na mto Lualaba. Njia yake ya kutokea ilielekea mashariki: Kabambare, ziwa Tanganyika, Ujiji, Tabora, halafu Bagamoyo, na kutoka pale jahazi mpaka Unguja. Mizigo ilibebwa na watu. Mpagazi mmoja alibeba karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake na chungu chake.

Safari hiyo ilichukua miezi mingi. Mwingereza Verney Lovett Cameron aliondoka Bagamoyo Machi 1873, akafika Nyangwe Agosti 1874. Ni miezi 17. Ugonjwa ulimchelewesha, na vita vya Mirambo pale Unyamwezi vilikuwa vimeharibu njia.

Gharama ya safari ilikuwa posho ya wapagazi, chakula, na hongo. Wakati ule hongo haikuwa neno la aibu. Ilikuwa kodi ya kupita, iliyolipwa kwa mtemi mwenye nchi kwa vitambaa na ushanga. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa, lakini dereva anayesimamishwa kwenye barieri moja baada ya nyingine anajua kwamba jambo lenyewe halijaisha.

Tena, si kila aliyepita njia ile alikuwa msafiri. Wengi walipita wakiwa wamefungwa, wakapelekwa kuuzwa, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda. Familia za Kabambare zinapohesabu historia ya safari, nao wanapaswa kuhesabiwa.

Mzunguko wa mwaka 1887

Kuna safari moja ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara aliyeifanya Kasongo kuwa makao yake, ambayo inafaa kukumbukwa na kila anayetafuta tikiti. Mwanzoni mwa mwaka 1887 alikuwa Unguja, na alitakiwa kufika Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, awe liwali. Njia aliyoizoea ilikuwa ya miguu: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Kasongo, halafu kuteremka mto.

Hakuifuata. Yeye na Stanley, pamoja na mamia ya watu, walipanda meli iitwayo Madura tarehe 25 Februari. Meli ilizunguka kusini yote ya Afrika, ikapita Rasi ya Tumaini Jema, ikafika mdomo wa mto Kongo tarehe 18 Machi. Kutoka pale walipanda mto kwa mashua, wakatembea kwa miguu penye maporomoko, kwa sababu reli ya Matadi ilikuwa haijajengwa, halafu wakaingia tena katika mashua.

Anayetazama ramani ataona ni kichaa: mtu aliye mashariki anazunguka bara zima ili aingie kwa mlango wa magharibi. Lakini meli ilibeba watu wengi kwa mara moja, haikudai hongo njiani, na ilimaliza bahari yote hiyo kwa majuma matatu. Njia iliyo fupi kwenye ramani haikuwa nyepesi kwa mfuko. Hata leo ndivyo ilivyo, na ndiyo maana tikiti inayopita Addis Ababa au Istanbul mara nyingi inashinda ile ya moja kwa moja.

Treni ilipita ng'ambo ya mto

Wabelgiji walipotawala, walijenga reli za kuunganisha sehemu za mto zinazopitika kwa mashua. Kipande cha Stanleyville mpaka Ponthierville, ambako leo ni Ubundu, kilimalizika mwaka 1906. Kile cha Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, kilifunguliwa mwaka 1911. Mwaka 1915 reli ikaunganisha Kabalo na Albertville, yaani Kalemie ya leo. Upande wa pili wa ziwa, Wajerumani walikuwa wamefikisha treni yao Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo ikawezekana kutoka Kindu mpaka Dar es Salaam kwa treni na meli, bila mpagazi.

Ila reli ile ilijengwa kwa ajili ya mali, haikujengwa kwa ajili ya msafiri wa kijijini. Ilifuata upande wa magharibi wa Lualaba. Kasongo na Kabambare zilibaki upande wa mashariki. Mtu wa huku ilimpasa kwanza atembee na avuke mto. Tena Mkongomani hakuweza kuhama eneo lake kwa muda mrefu bila karatasi ya ruhusa ya utawala. Safari ya mbali ilirahisishwa, lakini kipande cha kwanza kilibaki kigumu kama zamani.

Ndege ya siku 51

Ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji mpaka Kongo iliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925, ikiendeshwa na Edmond Thieffry pamoja na wenzake wawili. Ilifika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Zilikuwa siku 51, lakini hewani ilikaa kama saa 75 tu. Siku nyingine zote zilikwisha chini, kwa matengenezo na kungoja. Mwaka 1935 kampuni ya Sabena ilianza safari za kawaida kati ya Bruxelles na Léopoldville, na zilichukua siku tano na nusu.

Wakati ule kutafuta bei nafuu hakukuwa na maana. Mwaka 1945 kampuni za ndege ziliunda umoja wao, IATA, katika mji wa Havana, na kwa miaka mingi kampuni hizo zilikaa pamoja kupatana nauli, halafu serikali zikazikubali. Msafiri aliikuta bei imekwisha pangwa. Mlango wa watu wa kawaida ulifunguliwa kidogo kidogo: daraja la watalii mwaka 1952 kwenye safari za kuvuka Atlantiki, halafu mwaka 1958 daraja la uchumi, ambalo ndilo wengi wanakaa leo.

Bei zilivyoachwa huru

Baada ya uhuru, Kongo ilipata kampuni yake, Air Congo, mwaka 1961. Mwaka 1971 ikaitwa Air Zaïre, na mwaka 1995 ikafa. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda karibu mara nne duniani, na tangu hapo kila pigo la mafuta linafika mpaka kwenye tikiti. Novemba 2001 hata Sabena yenyewe ilifilisika, nayo ilikuwa daraja la Kongo na Ulaya kwa zaidi ya miaka 60.

Katikati ya hayo, Marekani ilitunga sheria mwaka 1978 ya kuziachia kampuni zijipangie bei ndani ya nchi hiyo, na nchi nyingine zikafuata kidogo kidogo. Hapo ndipo kazi ya kutafuta tikiti ilipozaliwa. Ndani ya ndege moja, watu wawili waliokaa pamoja wanaweza kuwa wamelipa bei mbili tofauti kabisa.

Sababu yake ni rahisi kueleza kwa mtu wa soko. Mama anayeuza samaki wa Lualaba hupunguza bei jioni, kwa sababu samaki ataoza. Kiti cha ndege nacho huoza mara ndege inaporuka. Lakini kampuni hufanya kinyume cha mama yule: hupandisha bei kadiri siku inavyokaribia, kwa sababu inajua kwamba anayenunua siku ya mwisho ana msiba au ana kazi, hawezi kungoja. Aliye na nafasi ya kupanga mapema hununua kwa bei ya chini. Aliyeshikwa na shida hulipa zaidi.

Afrika imejaribu kuongeza ushindani. Mwaka 1999 serikali zilikubaliana Yamoussoukro kufungua anga, na mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la ndege. Lakini nchi nyingi bado zinalinda milango yake, na kodi za kiwanja zinaongeza mzigo. Kongo iliweka Go-Pass mwaka 2009: kwa muda mrefu ilikuwa dola 50 kwa anayetoka nje ya nchi na dola 10 kwa safari ya ndani. Ndege zikiwa chache na kodi zikiwa nyingi, kipande kifupi cha ndani ya nchi kinaweza kula sehemu kubwa ya feza ya safari nzima.

Tikiti ya mkimbizi

Kwa waliokimbia vita, historia ya nauli ina ukurasa wake. Kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Wengi wamepelekwa Marekani kutoka pale, na safari yao ilipangwa na shirika la IOM. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 1951 kwa ajili ya wakimbizi wa Ulaya baada ya vita vya pili vya dunia, na mpaka leo lina mapatano na kampuni za ndege kuhusu nauli ya chini kwa wanaohama kwa sababu za kibinadamu.

Jambo ambalo ndugu waliobaki nyumbani hawalijui sana ni hili: kwa wanaokwenda Marekani, tikiti ile ni mkopo. Hauna riba, lakini lazima ulipwe kidogo kidogo kila mwezi baada ya kufika. Kwa hiyo ndugu anayesema hana kitu mwaka wa kwanza, pengine hadanganyi: analipa ndege iliyomleta yeye na watoto wake. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango huo, na hata watu waliokwisha kupangiwa siku ya safari walibaki kambini.

Kupanga safari leo

Mwishoni mwa Januari 2025 kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa kwa vita, na Februari vita vikafika Kavumu, karibu na Bukavu. Mtu wa Wamaza akabaki na milango miwili mikubwa: Kindu mpaka Kinshasa kwa ndege, au Kalemie, kuvuka ziwa mpaka Kigoma, halafu Dar es Salaam. Njia ya pili ni ile ile ya misafara, na ya treni ya mwaka 1915.

Kwa hiyo ndugu aliye ng'ambo asitafute bei ya Kinshasa tu. Alinganishe na bei ya Dar es Salaam, halafu kila mmoja ahesabu njia nzima: pikipiki, barieri, mashua, malazi, viza, Go-Pass. Tarehe za Krismasi na za likizo ya Julai na Agosti ziepukwe ikiwezekana. Tikiti moja ya safari yote ni salama kuliko mbili zilizonunuliwa mbali mbali, kwa sababu ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haina deni kwako. Uliza kilo za mzigo na gharama ya kubadilisha siku kabla ya kulipa, na uhakikishe kama nchi ya kupita inadai viza. Jina kwenye tikiti lifanane herufi kwa herufi na lile la pasipoti. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike.

Na kwa waliohama: kazi ya UNHCR ya kupeleka wakimbizi nchi ya tatu ni ya bure. Anayedai dola ili akuandike kwenye orodha ya ndege ni mwizi.

Misafara ya Kasongo haikuondoka kabla wapagazi hawajahesabiwa na vitambaa vya hongo havijafungwa kando. Anayenunua tikiti leo afanye vivyo hivyo: pesa ya kufika kwenye ndege itengwe kwanza, ndipo ya ndege yenyewe itafutwe.